Kufuma Ukiwa Safarini na Kununua Uzi Ugenini: Mwongozo Kamili

Uzi mwingi unaonunuliwa safarini huishia kabatini. Mtu anaingia dukani, rangi inamvuta, anachukua mashada mawili ya uzi kwa kuwa mawili ndiyo yanayoenea kwenye begi. Akifika nyumbani anagundua kwamba hayatoshi sweta, na kwa kofia yamezidi. Duka limebaki mbali na uzi ule hauuzwi kwingine. Nimekuwa mtu huyo kwa miaka kadhaa.

Kilichonitoa huko ni kubadili utaratibu. Siku hizi uzi wa ugenini nauanza nikiwa bado ugenini. Naununua siku za mwanzo wa safari, nauviringisha, nafuma kipande cha majaribio usiku uleule, na nikiona ni mnene kuliko nilivyodhani au hautatosha, narudi dukani kesho yake. Hatua zifuatazo zinakusaidia ufanye hivyo, tangu unapofunga begi hadi kazi inapofika nyumbani salama.

Hatua ya 1: Hesabu saa za kufuma

Safari ya siku kumi haina siku kumi za kufuma. Ina saa za kwenye treni, za kungojea ndege, na pengine saa moja kabla ya kulala. Ziorodheshe zile unazoziamini tu, kisha upime mwendo wako: weka saa, fuma dakika kumi bila haraka, hesabu vitanzi, yaani vile viduara vya uzi unavyovifuma kwa sindano.

Tuseme unafuma vitanzi 25 kwa dakika. Hivyo ni 1,500 kwa saa. Soksi ya mtu mzima yenye vitanzi 64 kwa mzunguko, ukijumlisha mguu, kisigino, wayo na ncha, inafika takriban vitanzi 12,000. Ni saa nane kwa soksi moja, kumi na sita kwa jozi. Kama safari yako ina saa kumi na mbili za kweli, jozi moja inatosha na utarudi na kazi mkononi. Wanaobeba sweta, shali na kofia mbili kwa safari ya wiki moja hawajawahi kufanya hesabu hii, na nafasi ya uzi mpya kwenye begi lao imeshajaa kabla hawajatoka mlangoni.

Hatua ya 2: Beba kazi moja unayoijua

Kazi ya kubeba kutoka nyumbani ni ya kukusindikiza hadi kwenye duka la kwanza. Iwe nyepesi, ya uzi mwembamba, na ruwaza yake, yaani maelekezo ya kuifuma, uwe umeshaishika kichwani. Uzi mwembamba una faida kwa msafiri: gramu 100 za uzi wa soksi huwa na takriban mita 400, hivyo furushi dogo linakupa saa nyingi. Uzi mnene wa uzito huohuo huisha jioni moja.

Soksi na kofia zinafaa kuliko vyote. Shali inayoanzia kwenye ncha na kupanuka nayo ni nzuri kwa sababu unaweza kuifunga popote uzi unapoisha. Kazi ya rangi nyingi zinazobadilishwa katika safu moja iache nyumbani, maana madonge manne yakisokotana kwenye kiti cha basi utatumia safari nzima kuyatenganisha. Vipande vyenye matundu na mchoro wa kufuata mstari kwa mstari nina shaka navyo. Ukiwa umezoea, sawa. La sivyo, tangazo moja la stesheni linatosha kukupoteza katikati ya safu.

Sehemu ngumu ifanye kabla hujaondoka. Anzisha vitanzi, unganisha mzunguko, maliza pindo la kubana. Kuhesabu vitanzi 120 vya kuanzia huku watu wanapita juu ya miguu yako ni kujitesa bure.

Hatua ya 3: Kifuko cha vifaa na ukaguzi wa uwanja wa ndege

Sindano ziwe za mduara, yaani mbili zilizounganishwa kwa kebo, hata kama kazi yako ni ya kwenda na kurudi. Haziwezi kudondoka moja ikabingirika chini ya viti, na hazimpigi jirani kiwiko. Kebo ikiwa ndefu, sentimita 80 au 100, utaweza kufumia hata soksi kwa kuvuta sehemu ya kebo itokeze katikati ya vitanzi, na hutahitaji zile sindano fupi tano ambazo moja hupotea kila mara. Za mbao au mianzi hushika vitanzi vizuri na hazigongani kwa kelele. Za chuma ni za kasi, ila kwenye mtikisiko vitanzi huteleza.

Vingine ni vichache: sindano nene ya tundu kubwa ya kufichia ncha za uzi, sindano ya kroshia ya kuokolea vitanzi vilivyoanguka, tepu ya kupimia, pini chache za kuwekea alama, mkasi mdogo, na mita kadhaa za uzi wa pamba laini. Huo wa mwisho usiuache.

Nchini Marekani, TSA, mamlaka ya usalama wa usafiri, inaruhusu sindano za kufumia kwenye mzigo wa mkononi. Mkasi unaruhusiwa ikiwa urefu wake kuanzia kwenye msumari unaounganisha ni chini ya inchi 4, takriban sentimita 10. Viwanja vya Umoja wa Ulaya ni vikali zaidi: kipimo hicho hakitakiwi kuzidi sentimita 6. Kile kikata uzi cha duara chenye wembe ndani, ambacho wafumaji wengi hukivaa shingoni, TSA hawakiruhusu mkononi, kwa hiyo kiweke kwenye begi la kukabidhi. Nchi nyingine zina kanuni zake, na popote ulipo neno la mwisho ni la ofisa aliye mbele yako, hata kama sheria iko upande wako. Soma kanuni za kila uwanja utakaopitia, hasa wa kurudia.

Hapo ndipo ule uzi wa pamba unapofanya kazi. Kabla ya kuingia foleni ya ukaguzi, upitishe kwa sindano ya tundu kubwa ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano, kisha funga ncha zake. Ofisa akichukua sindano, vitanzi vinabaki vimeshikwa. Utanunua sindano nyingine na kuendelea ulipoishia, badala ya kuona kazi ya wiki mbili inafumuka mbele ya macho yako. Inachukua dakika tano, nami siendi uwanja wa ndege bila kufanya hivyo.

Hatua ya 4: Tafuta duka mapema, upange siku

Maduka ya uzi mengi ni madogo, ya mtu mmoja au wawili, na saa zake haziendani na za maduka makubwa. Mengi hufunga Jumapili, Jumatatu, au zote mbili. Ramani ya intaneti inaweza kuonyesha liko wazi kumbe mwenyewe kaenda kwenye maonyesho. Piga simu au andika ujumbe siku chache kabla. Ravelry, tovuti ya wafumaji iliyoanzishwa mwaka 2007, ina orodha ya maduka ya nchi nyingi na ni pa kuanzia pazuri, lakini thibitisha kwa duka lenyewe.

Duka liweke siku ya pili au ya tatu ya safari. Wengi huliacha siku ya mwisho ili wasibebe mzigo, na hapo ndipo uzi unapogeuka wa kabatini: huwezi kuujaribu, huwezi kurudi kuongeza, huwezi kubadilisha. Uliza pia kama kuna siku wafumaji wanakaa pamoja dukani. Ukiwepo, kaa nao ukiwa na kazi yako mkononi. Lugha ikiwapiga chenga, kazi iliyo mkononi inaeleweka na kila mfumaji.

Hatua ya 5: Ingia dukani ukiwa na mita

Hatua hii ndiyo nzito kuliko zote. Kabla ya kuvuka kizingiti, amua vitu viwili au vitatu unavyoweza kufuma, na uandike kila kimoja kinahitaji mita ngapi. Uzito peke yake haukuambii kitu: gramu 100 zinaweza kuwa mita 400 au mita 100 kutegemea unene. Kwa kukadiria tu, kama huna ruwaza:

- Kofia ya mtu mzima, uzi wa unene wa kati: mita 150 hadi 200
- Glavu zisizo na vidole: mita 150 hadi 200
- Jozi ya soksi, uzi mwembamba: mita 350 hadi 400
- Shali, uzi mwembamba: mita 400 hadi 800
- Sweta ya mtu mzima, unene wa kati: mita 1,000 hadi 1,500, na zaidi kwa mwili mkubwa

Lebo ikitaja yadi, yadi 100 ni takriban mita 91.

Ruwaza zenyewe ziweke kwenye simu kabla, zisomeke bila intaneti. Ruwaza mbili zinatosha, moja ya shada moja na nyingine ya mashada mawili au matatu.

Namba za sindano ni mtego mwingine. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Namba 8 ya Uingereza ya zamani ni milimita 4, na huko kadiri namba inavyopanda ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba. Namba 8 ya Japani ni milimita 4.5. Kwa hiyo ukiuliza, taja milimita tu. Unene wa uzi nao huitwa tofauti: Australia na New Zealand huutaja kwa namba kama 4, 8 au 10, na namba hizo hazikuambii kila mara nyuzi ngapi zimesokotwa pamoja. Soma idadi ya vitanzi kwa sentimita 10 kwenye lebo. Takriban vitanzi 28 hadi 32 ni uzi wa soksi. Vitanzi 22 kwa sindano ya milimita 4 ni uzi wa kati unaofaa sweta nyepesi.

Hatua ya 6: Gusa, soma, uliza

Nawa mikono kwanza, hasa kama umepaka mafuta ya jua, kisha umsalimie mwenye duka. Swali langu la kwanza huwa hili: kuna uzi gani hapa uliotoka kwa kondoo wa karibu, au uliotiwa rangi karibu? Uzi wa viwanda vikubwa utaupata popote. Huu wa karibu ndio uliosafiria.

Usiuhukumu kwa vidole, maana ngozi ya vidole ni ngumu. Weka shada kwenye upande wa ndani wa kifundo cha mkono, au shingoni kama mwenye duka ameruhusu. Merino, sufu ya kondoo wa aina hiyo, ni laini kwa sababu unywele wake ni mwembamba, kwa kawaida chini ya mikroni 24 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ndiyo maana unavalika kwenye ngozi. Lopi, uzi wa sufu ya kondoo wa Iceland, ni habari nyingine. Kondoo wa kule wana manyoya ya tabaka mbili, la nje refu linalomwaga maji na la ndani laini linalotunza joto, na uzi wake haukazwi sana. Unakwaruza kidogo, ila ni mwepesi kwa unene wake na una joto kubwa. Ukiukataa kwa sababu hauko kama merino utakuwa umeuonea, kwani ni uzi wa sweta ya kuvaa juu ya nguo nyingine. Kondoo wa Shetland wana rangi nyingi za asili, kahawia, kijivu, nyeupe ya maziwa, na unaweza kufuma kitu cha rangi tano kisichopitia ndoo ya rangi hata mara moja.

Alpaka ya Peru, sufu ya mnyama wa jamii ya ngamia, ni laini na ina joto, lakini hainyumbuliki kama sufu ya kondoo. Shali yake huanguka vizuri mabegani, wakati pindo la kubana la alpaka tupu hulegea. Pamba ni vilevile: nzito, haivutiki, na mikono huchoka mapema. Kwa soksi tafuta sufu iliyochanganywa na nailoni, mara nyingi asilimia 75 kwa 25, la sivyo kisigino kitatoboka.

Kisha lebo. Angalia mita, maelekezo ya kufua, na namba mbili za rangi. Moja ni ya rangi yenyewe, ya pili ni ya mkupuo, yaani uzi uliochovywa pamoja kwenye chombo kimoja siku moja. Mikupuo miwili ya rangi ileile inaweza kufanana kabisa chini ya taa ya dukani na kuachana juani. Nina sweta yenye mstari unaokata kifua kwa sababu shada la nne lilikuwa la mkupuo mwingine nami sikuangalia. Beba mashada hadi dirishani. Uzi uliotiwa rangi kwa mkono mara nyingi hauna namba ya mkupuo, na kila shada lina tabia yake. Ukitumia zaidi ya moja, fuma safu mbili kutoka shada la kwanza, mbili kutoka la pili, hivyo hivyo hadi mwisho, tofauti itayeyuka.

Kama umebaki kati ya kiasi kimoja na kinachofuata, ongeza shada moja. Uliza kama shada ambalo halijafunguliwa linaweza kurudishwa kabla hujaondoka mjini. Na usipige picha ya ruwaza iliyomo kwenye kitabu cha duka, maana hiyo ni riziki ya aliyeibuni.

Hatua ya 7: Viringisha na uanze usiku huohuo

Shada, ule uzi uliozungushwa duara kubwa kisha ukasokotwa kama kamba, haufumiki ulivyo. Ukijaribu kuuvuta moja kwa moja utapata fundo la kulia nalo. Maduka mengi yana mashine ya kuviringishia na hukufanyia palepale ukiomba. Lakini shada likishaviringishwa kwa kawaida halirudishwi, kwa hiyo omba moja tu kwanza, mengine yabaki yalivyo. Ukiwa peke yako chumbani, vika shada kwenye migongo ya viti viwili, kata zile nyuzi ndogo zinazolifunga, na uviringishe donge kwa mkono bila kukaza, maana uzi uliokazwa huvutika na kipimo chako kitadanganya.

Sasa fuma kipande cha majaribio cha sentimita 15 kwa 15. Kiloweke, kikamue kwa taulo, kilaze kikauke hadi asubuhi. Kuloweka ni lazima, kwa sababu sufu iliyotiwa dawa ili ifulike kwa mashine hupanuka ikilowa, wakati mwingine sana. Pima katikati ya kipande, si kingoni. Vitanzi vikizidi vya ruwaza, chukua sindano nene zaidi. Vikipungua, chukua nyembamba. Kama kitambaa kimekuwa kigumu au chepesi mno kwa kile ulichokusudia, hapo ndipo unaporudi dukani, una uzi mwingine ambao haujafunguliwa, na mwenye duka bado anakukumbuka.

Kisha anza kazi yenyewe, hata safu kumi tu. Kazi iliyoanzishwa hurudi nyumbani kama kazi.

Hatua ya 8: Kufuma njiani

Weka donge ndani ya mfuko mdogo wenye kamba ya kufungia, kazi nayo humo humo, na mfuko uuning'inize mkononi. Usisimame katikati ya safu. Ikibidi, sukuma vitanzi vyote katikati ya kebo kabla ya kufunga begi. Piga picha ya ukurasa wa ruwaza na uandike ulipofika kila unaposimama, kwa maana kichwa cha msafiri husahau.

Kwa shali inayopanuka, pima uzi uliobaki kwa mizani ndogo kabla na baada ya safu mbili. Tofauti inakuambia kila safu inakula gramu ngapi. Kumbuka kufunga vitanzi hula uzi wa takriban mara tatu hadi nne ya urefu wa ukingo, basi simama mapema. Uzi wa sufu ambao haujatiwa dawa ya mashine unaunganika bila fundo: tanua ncha mbili, zilaze moja juu ya nyingine, ziloweshe, zisugue kati ya viganja hadi zishikane. Hakuna ncha ya kuficha.

Kila baada ya nusu saa weka kazi chini, nyosha vidole, zungusha mabega. Kiti cha ndege hukunja mwili vibaya, na maumivu ya kifundo yakishaingia yatakunyima kufuma safari iliyobaki.

Hatua ya 9: Mpakani na nyumbani

Uzi uliosafishwa na kusokotwa kwa kawaida hauna shida mpakani. Manyoya mabichi yaliyokatwa kwa kondoo yakiwa na uchafu wake ni kitu kingine, kwa sababu ya magonjwa ya mifugo. Australia na New Zealand ni wakali sana kuhusu bidhaa za wanyama, hivyo tangaza ulichobeba na umwache ofisa aamue. Uzi wa vikunya, mnyama wa porini wa milima ya Andes, ulinde kwa karatasi zake: mnyama huyo analindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kibali kinaweza kuhitajika.

Ukifika, usiuchanganye uzi mpya na akiba yako siku hiyohiyo. Mabuu ya nondo hula sufu, na mayai yake hayaonekani kirahisi. Funga uzi kwenye mfuko usiopitisha hewa na uuweke kwenye friza ya nyuzi joto 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha uuache urudi kwenye joto la chumba kabla ya kufungua mfuko, usije ukalowa. Lebo moja ihifadhi pamoja na kipande cha uzi kilichofungwa juu yake, ukiandika mahali, tarehe na milimita za sindano uliyotumia. Siku kiwiko kitakapotoboka, utajua nguo inafuliwaje na utakuwa na uzi wa kiraka.